Kadi za embosi: stensili, poda ya moto au mashine? Uchambuzi kutoka Mtwara

Haya Mtwara kucheleee, karibuni watu wangu, leo mezani nimepanga vitu vya kutengenezea kadi zile zenye maua au maandishi yaliyoinuka, ukipitisha kidole unaisikia kabisa, wenyewe wanaita embosi. Si mnaijua ile lakiri ya kampuni kwenye hati, inayobonyeza karatasi bila wino? Basi ndo kazi hiyohiyo, ila sisi tunaipeleka kwenye kadi za harusi, Idi, Krismasi, mahafali, na mtoto akitoka jandoni. Mmeniuliza sana kipi mnunue na kipi mwache, na kwakuwa najua wengine bando limebaki la kusukumia nitasema jibu saivi: mashine iacheni kwanza, anzeni na stensili ya mkono, yaani plastiki iliyokatwa tundu la umbo unalotaka, hela ikipatikana ongezeni poda. Mwenye bando abaki nimueleze kwanini.

Stensili tuanze nayo. Zile za plastiki za dukani zenye vipepeo na mioyo zipo ila mimi hazinivutii, kila mtu anazo, kadi yako inafanana na ya jirani. Ya kujikatia ndo yenyewe na plastiki nzuri kuliko zote niliyoshika ni filamu ya eksrei ya kizamani, nyembamba, ngumu, haichaniki kirahisi. Chukua eksrei yako mwenyewe ile imekaa juu ya kabati miaka, sio ya shangazi ambaye bado anarudi kliniki nayo jamani, iweke kwenye beseni la jiki iliyochanganywa na maji, subiri ule weusi ulainike ufute na sponji, unatoka wote na jina la mgonjwa linaondoka humohumo, inabaki plastiki safi ina ubluu kwa mbali. Vaa glovu na fanyia uani sio chumbani, ile harufu sio ya mchezo. Afu unachora juu yake na maka peni, unakata na kile kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunjavunja, taratiiibu, kona unazungusha plastiki sio kisu.

Kubonyeza sasa. Unabandika stensili kwenye kioo cha dirisha na selotepu, mchana, ili mwanga upite uone mistari, unaweka karatasi juu yake, ule upande utakaokuwa mbele ya kadi unaangalia kioo, afu kwa nyuma unapita na kitu chenye ncha ya mviringo. Kuna kalamu maalumu ya chuma yenye kigololi kwenye ncha, mimi ninayo hii hapa, ni nzuri, mkono hauchoki haraka, lakini peni ya kawaida iliyoisha wino inafanya kazi hiyohiyo na sindano ya kufumia ya krosheti pia inafaa. Wengi wanakwangua katikati ya ua karatasi inachubuka, hapana, pita kwenye kingo tu, kingo ndo zinafanya lionekane limeinuka, na kabla hujaanza sugulia mshumaa kidogo mgongoni mwa karatasi peni iteleze. Na kama ni maandishi geuza stensili yasomeke kinyumenyume pale dirishani, ukigeuza kadi yatasomeka sawa. Hii naomba mrudie kuisikiliza maana ukikosea unapata kadi ya bi harusi yenye jina la kusomea kwenye kioo.

Karatasi: ile ya fotokopi ya gramu 80 inatoboka, achana nayo. Manila ya gramu 160 mpaka 220 hivi ndo inakubali mkono, ukifika 300 unatafuta maumivu ya kidole bure, hizo ni za mashine. Ile manila yenye mng'ao wa plastiki juu nayo inapasuka kwenye mikunjo, chukua isiyong'aa.

Na dizaini jamani tusiazime mbali. Nendeni Mikindani hapo mkaangalie milango ya kuchongwa, ule mpaka wa maua unaozunguka fremu ukiuweka kwenye ukingo wa kadi hakuna mtu atauliza umetoa onlaini. Wamakonde wenzangu tuna zile chale za zamani za usoni, mistari ya pembepembe imepangana, bibi zetu wanazo na kwenye mapiko, vile vinyago vya kuvaa usoni ngomani, zimechongwa, kwa embosi isiyo na rangi, nyeupe juu ya nyeupe, ni balaa. Ndugu zetu wa Lindi nao wana mjusi wao wa Tendaguru, yaani dainosaria, yule Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakambeba mpaka Berlin na mpaka leo mifupa yake imesimamishwa makumbusho kule, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, ile shingo yake kwenye kadi ya birthdei ya mtoto inapanda kutoka ukurasa wa ndani mpaka wa mbele, nimeifanya, watoto wanachizika.

Haya poda. Hii ni plastiki iliyosagwa, ukiipasha moto inayeyuka, ikipoa inakuwa ngumu inang'aa, ndo siri yote. Unapiga muhuri kwa wino unaochelewa kukauka, unamwagia poda kungali kubichi, unakung'uta iliyobaki unairudisha kwenye kopo haipotei hata punje, chembe zilizokaa pembeni unazitoa na brashi ndogo kavu, afu moto. Wino wake maalumu ni wa kunatanata hauna rangi, ndo unaonunuliwa pamoja na poda, ile pedi ya muhuri ya ofisini karatasi inainywa haraka ukichelewa kidogo poda haishiki, ukiongezea matone ya gliserini ya duka la dawa inakupa muda. Poda zenyewe kuna laini sana ya maandishi madogo, kuna ya kawaida, na kuna ya chembe nene ambayo hiyo ukiiweka kwenye herufi ndogo zinajaa zote zinakuwa doa, ni ya maumbo makubwa tu. Nikiambiwa nichague moja nachukua nyeupe, juu ya manila nyeusi, dhahabu inafuata kwasababu ya harusi, hizo za pambo pambo zina mng'ao ila zinaacha mikwaruzo, sijazielewa.

Moto ndo swali la kila komenti. Draya ya nywele HAPANA, upepo mwingi joto dogo, poda yote inaruka inaenda kwenye pazia. Hitigani, ile ya kupuliza hewa ya moto sana, ndogo ya kazi za mikono ni tulivu, inafaa, lakini kuipata huku ni mpaka uagize. Hitigani ya mafundi rangi ipo madukani ya vifaa vya ujenzi, hiyo ina nguvu, nyingi ni wati 1500 mpaka 2000, na msiogope luku maana ya wati 2000 ukiiwasha nusu saa mfululizo ndo uniti moja, na kadi moja haimalizi dakika, ila isogeze mbali na uanze kuiwasha pembeni ipate moto kwanza ndo uilete kwenye kadi, ikikaa karibu inaunguza karatasi inakuwa ya kahawia. Huna hata hiyo? Pasi. Igeuze uso juu, ishikilie vizuri mtu asiikanyage waya, weka mgongo wa kadi karibu na bati la pasi, joto linapanda kutoka chini na poda haipeperushwi na kitu, utaona inaanza kung'aa sehemu moja inatambaa, ikishang'aa yote TOA, ukizidisha inazama kwenye karatasi inakuwa kama doa la mafuta ya kupikia. Jiko la mkaa usijaribu, moshi na majivu yatakaa kwenye kadi.

Kitu ambacho vidio za nje hawakwambii ni huu unyevu wetu. Huku pwani karatasi inakunywa hewa, mkono unatoka jasho, poda inang'ang'ania kila uliposhika hata ambapo hujapiga muhuri. Kwahiyo pasha karatasi kidogo kabla, ipoe, ipanguse na poda ya mtoto kwa kitambaa kidogo saaana, shika kwenye kingo, na kopo la poda weka na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vilivyoandikwa usile, msivitupe.

Mashine sitakaa nayo sana. Ni roli mbili na mkono wa kuzungusha, unaweka karatasi ndani ya folda ya plastiki yenye dizaini pande zote mbili, unabana kwenye sahani zake, unazungusha, inatoka imebonyezeka kadi nzima kwa mara moja, sikatai, inapendeza, na ukinyunyizia karatasi maji kidogo kabla haipasuki. Lakini folda nyingi zimefuata kadi za Marekani, inchi 4.25 kwa 5.5, na sisi tunakunja A4 tunapata A6 ambayo ni milimita 105 kwa 148, pima mwenyewe, urefu zile inchi 5.5 ni kama milimita 140, kwahiyo unabaki na kipande hakijabonyezwa mwishoni. Unaweza kukata karatasi upya ndio, ila bahasha za A6 ulizonunua zinapwaya. Afu kila dizaini ni folda yake, hela yake, unanunua maua ya mtu mwingine. Kama una oda za mamia ya kadi msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba pale hela inapoingia na harusi zinafuatana, inunue itakulipa. Kama unatengeneza kadi kumi na mbili za familia utakuwa umenunua pambo la mezani.

La mwisho kwa wanaotuma kadi Dar na basi: embosi ya stensili ukiipanga chini ya mzigo inalala, weka kipande cha boksi kila baada ya kadi chache na usikaze mpira. Ya poda hailali ila zinagandana kwenye joto la buti la gari, kwahiyo katikati weka karatasi ya keki ile isiyonata. Mwenye picha ya mlango wa Mikindani aniwekee kwenye komenti aseme uko mtaa gani, vidio ijayo nakata huo.