Miserere ya Allegri, rekodi ya 1980: tafuta hedifoni kwanza

Haya jamani, habari zenu. Wakubwa wote, shikamooni. Wanakwaya najua leo mmejaa humu, maana tangu niseme nakuja na Miserere, simu yangu haijatulia.

Kabla sijafungua mdomo zaidi, nina ombi. Kama unanisikiliza kwa spika ya simu, simamisha video, katafute hedifoni. Hata za kuazima kwa jirani. Nakusubiri. Kitu ninachotaka ukisikie leo, kwenye spika ya simu hakipo kabisa, na nitaumia ukiondoka hapa unasema "kumbe wimbo wenyewe ndio huu tu".

Sawa. CD hii hapa mkononi. Miserere ya Gregorio Allegri, wanaimba The Tallis Scholars, anaongoza Peter Phillips, wamerekodi mwaka 1980 kwenye kanisa la Chuo cha Merton, Oxford. Ndani zipo kazi tatu: hii, moja ya William Mundy, na Misa ya Papa Marcello ya Palestrina. Palestrina mnamjua, yule mtunzi wa Roma wa miaka ya 1500, nampita. Maneno ya Miserere ni Zaburi ya 51, mnaijua pia, kila Jumatano ya Majivu tunaimba "unirehemu" kwa Kiswahili chetu. Twende kwenye jambo lenyewe.

Wimbo huu una kwaya mbili. Moja kubwa, ya sauti tano. Moja ndogo, ya sauti nne. Katikati yake wanaume wanaghani mstari wa kale, sauti moja tu, hakuna alto wala besi. Wanapokezana hivyo: kubwa, ghani, ndogo, ghani, unarudi kwa kubwa. Rekodi nyingi nilizonazo zinawapanga wote mbele yako kama kwaya ya Jumapili. Hawa wameichukua kwaya ndogo wakaipeleka mbali. Mbali kweli kweli. Kanisa lenyewe ni la mawe, lilianza kujengwa miaka ya 1290, kwa hiyo sauti ikitoka huko haiji peke yake, inakuja na jengo zima.

Nawasha. Sikiliza.

Hii ni kwaya kubwa. Wako karibu, unasikia wakivuta pumzi kabla ya mstari. Unaweza kumnyoshea kidole mwimbaji wa tena alipo na wa besi alipo. Ghani inaingia... inaisha... sasa usiguse kitu. Hapo! Umesikia? Ni kama kuna mtu amefungua mlango wa chumba kingine. Sauti nne tu, ndogo, zinatoka nyuma ya ukuta. Na juu yao anapanda soprano mmoja, Alison Stamp, anaigusa noti ya C ya juu, ile unayoichorea vimistari viwili vya kuongeza juu ya mistari mitano, halafu anashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Narudisha nyuma. Safari hii usimfuate yeye, fuata kinachobaki akinyamaza. Wamekata, wote wanne pamoja. Hesabu na mimi: moja... mbili... tatu... bado ipo. Inazunguka kwenye dari. Ghani inayofuata inaingia juu ya mabaki ya ile C. Hapo ndipo ninapoipendea rekodi hii! Watu wanasifia noti ya juu, na soprano wa kuifikia C wapo, hata mitaani kwetu wapo. Ila ukimsimamisha soprano huyo mita mbili kutoka kwenye maikrofoni, inatoka kelele. Hapa umbali umeigeuza sala. Wimbo mzima ni mtu anaomba rehema, na jibu linatoka mbali.

Inakuja mara tano, hiyo C. Mara tano katika dakika kama 12.

Na hapa kuna habari iliyonikosesha usingizi. C hiyo Allegri hakuiandika. Allegri aliimba kwenye kwaya ya Papa tangu 1629, akautunga wimbo huu kwa ajili ya Juma Kuu kwenye Kanisa la Sistina, huko Vatikani, wakati wa ibada ile ya kuzima mishumaa mmoja mmoja. Alichoandika ni sahili sana. Mapambo waimbaji waliyabeba kichwani, wanarithishana. Mwaka 1831 Mendelssohn, mtunzi Mjerumani, akawa Roma, akausikia ukiimbwa juu zaidi, akaandika alichosikia. Miaka ya 1880 kipande cha juu namna hiyo kikaingia kwenye kamusi ya muziki ya Grove, kikashonewa ubavuni mwa kipande cha chini kana kwamba ni wimbo mmoja. Ndiyo maana katikati ya zamu ya kwaya ndogo unahisi wimbo umehama nyumba ghafla. Kosa la uandishi, ndugu zangu, na dunia nzima imelipenda. Mimi nalipenda. Sitaki lirekebishwe.

Ile hadithi ya Mozart kuubeba wimbo huu kichwani mtaniuliza, basi niimalize. Kweli, mwaka 1770, ana miaka 14, aliusikia Sistina akaenda kuuandika kwa kumbukumbu. Baba yake alilieleza hilo kwenye barua. Ila msiseme ulikuwa haujawahi kutoka Vatikani. Nakala zilikuwa zimeshatoka, na mwaka uliofuata Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki, akauchapisha London.

Sasa mpinzani. Kila nikitaja Miserere kuna mtu anaandika "King's College!" Nimekusikia. Ni rekodi ya kwaya ya chuo hicho cha Cambridge, ile ya 1963, David Willcocks anaongoza, na anayeimba juu ni mtoto, Roy Goodman, miaka 12, wanaimba kwa Kiingereza. Nilikuja hapa nimejipanga kusema hii ya 1980 inaishinda. Jana usiku nikazisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, na sina uhakika tena. Yule mtoto anaifikia C kama hajui kuwa ni ngumu. Alison Stamp anajua, na ameamua. Ni vitu viwili tofauti. Kwa umbali na jengo, bado nasimama na 1980. Kwa koo peke yake... nipeni wiki moja.

Kitu kingine, hiki ni cha waalimu wa kwaya. Hakuna kinanda. Hakuna chochote. Dakika 12 na kwaya mbili zilizotenganishwa, na hawashuki. Nyie mnajua. Sisi Pasaka iliyopita tulianza wimbo wa beti nne kwenye G, mwalimu akagusa kinanda mwishoni, tuko F. Nilikuwa nimesimama kwenye tena, nikamwona mwalimu anafumba macho. Ukisikiliza hii, angalia kwaya kubwa inavyopokea baada ya ghani. Inatua palepale ilipoacha. Nimeilinganisha na kinanda mara nne kuhakikisha. Hilo linanifanya nitake kwenda mazoezini kesho asubuhi.

Bei. CD hii nimeletewa na mtoto wa shangazi, na ninaipigia kwenye deki ya DVD ya sebuleni kwa mama, inafanya kazi vizuri tu. Kama huna deki, ipo mtandaoni, na kwa bando lako haifiki hata nusu ya filamu. Ila usiisikilize kwenye akaunti ya bure! Mimi mwezi jana nilikuwa naisikiliza kwenye programu moja ya muziki, C ya tatu imeisha, nimefumba macho, nasubiri ghani, likaingia tangazo la sabuni ya unga. Kwa sauti ya juu. Nilikasirika mpaka nikazima simu. Lipia mwezi mmoja, sikiliza kazi zote tatu, kisha amua. Na usiiruke ya Mundy. Ni ndefu, ni kweli, ila kuelekea mwisho sauti za juu zinagawanyika zenyewe kwa zenyewe, na ukifika hapo utanipigia simu.

Habari za chaneli: wiki ijayo tunatoka kwenye kwaya, nawaletea kwinteti ya Schubert, yaani wimbo wa vyombo vitano vya nyuzi, yenye selo mbili, ile aliyoandika 1828, miezi miwili kabla hajafa. Waliouliza kuhusu maikrofoni ya kurekodia kwaya ya parokia, naandaa, nahitaji kanisa tupu kwanza na Jumamosi kuna harusi tatu. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele.

Sasa hedifoni bado zipo masikioni? Tusikilize mwisho pamoja, halafu nawaachia. C ya tano itapita, ghani haitarudi, na kwaya zote mbili zitaimba kwa pamoja, sauti tisa, kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze. Mbali na karibu vinakutana. Nazima taa hapa chumbani. Mtoto, funga huo mlango, mwanangu. Haya.