Ukungu kwenye nyumba ya kupanga: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Masika yakishika Dar, kuanzia Machi hadi Mei, malalamiko ni yale yale. Viatu vya ngozi vimeota utando mweupe, begi linanuka, nyuma ya kabati ukuta umetoa madoa meusi. Mwenye nyumba akipigiwa simu anasema paka rangi tu. Vitu vinavyouzwa kutatua shida hii ni vingi, na nimevipanga kuanzia kile ambacho mpangaji anunue kwanza. Kipimo changu kikubwa ni hiki: siku ya kuhama, unaondoka nacho? Hela uliyoipaka ukutani inabaki kwa mwenye ukuta.

Kabla ya kutoa hata shilingi, jua maji yanatoka wapi. Futa doa likauke, bandika juu yake kipande cha foili ya jikoni, ziba pande zote nne kwa selotepu, kiache siku mbili. Ukikibandua ukakuta upande uliogusa ukuta umelowa, maji yanatoka ndani: bomba linavuja, gata limeziba, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Hapo usinunue chochote. Piga picha, mtumie mwenye nyumba kwa meseji ili ushahidi ubaki, na fundi amlete yeye. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa, na orodha hii inakuhusu.

Namba moja: feni

Wengi wanayo tayari ila wanaielekeza kitandani tu. Ukungu huota pale hewa ilipolala: nyuma ya kabati, chini ya godoro lililolazwa sakafuni, kona ya juu ya bafu. Vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani, godoro liweke kwenye chaga, kisha feni ya kusimama iache ipulize kwenye huo upenyo saa chache kwa siku. Kama unapika na kulala chumba kimoja, tafuta feni ndogo ya dirishani inayotupa hewa nje, uiwashe wakati sufuria liko jikoni.

Namba mbili: kipima unyevu

Ni kidude kidogo cha betri, cha bei nafuu, kinachoonyesha unyevu wa hewa kwa asilimia. Chini ya 60 uko salama. Kikikaa juu ya 80 siku kadhaa mfululizo, tegemea ukungu. Hapa pwani hewa ya alfajiri huwa imeshiba maji. Jua likitoka mchana kipimo hushuka, na hiyo ndiyo saa ya kufungua madirisha na makabati.

Vya bei ya chini vingine vinadanganya, kwa hiyo kijaribu. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe kwa matone machache ya maji iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipima ndani ya bakuli lenye mfuniko unaobana. Baada ya usiku mmoja kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, jua kila siku unaongeza 5.

Namba tatu: vikopo vya kunyonya unyevu

Ndani yake mna chembe za kalsiamu kloraidi zinazovuta maji hadi kikopo kinajaa. Kwa kabati lililofungwa vinafaa sana. Kwa chumba kizima ni kazi bure. Yale maji ni ya chumvi kali: yakimwagika kwenye ngozi au chuma yanaharibu, na mtoto asiyaguse. Vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye mkoba wa kamera au vyeti.

Namba nne: mashine ya kukausha hewa

Kama hela ipo, hii ndiyo inayofanya kazi kweli. Nimeiweka hapa kwa sababu ya bei tu. Nunua yenye kompresa, ile pampu kama ya friji. Mashine iliyoandikwa lita 10 kwa siku kwa kawaida imepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo Ulaya hawaipati chumbani lakini kwetu ni Aprili ya kawaida, kwa hiyo hapa utazikaribia kweli hizo lita. Ya wati 250 ikiwaka saa 8 inakula uniti 2 za LUKU. Inatoa joto, basi iwashe ukiwa kazini, madirisha yamefungwa.

Ukinunua iliyotumika, soma kibandiko cha nyuma: zilizotoka Japani ni za volti 100, ukichomeka moja kwa moja umeiunguza. Ukifika nayo nyumbani iache imesimama wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Mwenye AC asikimbilie mashine. Tafuta kwenye rimoti alama ya tone la maji, hiyo ndiyo hali ya kukausha. Na usiiweke nyuzi 18 halafu ukafungua dirisha: hewa ya nje ikigusa ukuta wa baridi inatoa jasho kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji.

Jiki iko wapi? Ni ya kusafishia, haizuii. Kwenye vigae inafaa. Kwenye plasta inafifisha rangi ya doa huku mzizi ukibaki. Anza na sabuni na maji, vaa barakoa na glavu, na kamwe usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, maana inatoa gesi ya klorini.

Vya kuviacha dukani

Vimashine vidogo visivyo na kompresa, vyenye tangi la nusu lita: kwa siku nzima vinatoa maji ya kikombe, na umeme vinakula. Mkaa kwenye bakuli unapunguza harufu tu. Naftalini inafukuza nondo, hainyonyi maji, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kuzipasua chembe hizo. Usiiweke kwenye nguo za kichanga.

Mwisho kabisa ni rangi ya kuzuia ukungu. Kwenye ukuta uliolowa kwa ndani inavimba malengelenge na kubanduka. Kwenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ni mbaya zaidi, kwa sababu ukuta ule unakauka kwa kupumua. Mwenye nyumba aking'ang'ania rangi, ainunue yeye, na foili ibandikwe tena kabla fundi hajafungua kopo.