Kusafisha Kaboni ya Injini: Je, Gari Lako Linahitaji Huduma Hii?

Watazamaji, karibuni. Uchambuzi wa leo unahusu huduma ya kusafisha kaboni ndani ya injini, ambayo huuzwa kwa sura nyingi: dawa ya kumimina kwenye tangi la mafuta, dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, mashine ya gesi ya hidrojeni, na kazi ya fundi ya kufungua na kusafisha vali zenyewe. Zote hutangazwa kwa jina moja, na hapo ndipo mnunuzi huanza kupotea, kwa sababu kaboni haikai mahali pamoja, na dawa inayofika sehemu moja ya injini huenda isifike nyingine.

Katika injini ya petroli ya mfumo wa zamani, nozeli hunyunyiza mafuta nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo vali huoshwa kila mara na petroli yenye kemikali za kusafishia. Mwaka 1996 Mitsubishi ilitoa Galant yenye injini ya GDI, ambayo hunyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, na mpangilio huo umeenea tangu hapo kwa sababu unabana matumizi ya mafuta. Tatizo lake ni kwamba petroli haigusi tena mgongo wa vali. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hutua juu ya vali zenye joto, ukaganda kidogo kidogo hadi kuwa gamba jeusi na gumu linalovuruga mkondo wa hewa. Toyota ilikabili jambo hili kwa mfumo wa D-4S, wenye nozeli za aina zote mbili, na kwa maoni yangu hilo ni suluhisho bora kuliko dawa yoyote, kwa kuwa linazuia uchafu badala ya kuusubiri.

Sasa tuitazame mashine ya hidrojeni, kwa sababu ndiyo inayonadiwa kwa maneno makubwa zaidi. Mashine hupasua maji kwa umeme, na gesi inayopatikana huvutwa na injini pamoja na hewa huku gari limesimama likiunguruma. Gesi hiyo huwaka ndani ya silinda tu. Inapopita kwenye vali za kuingiza hewa bado haijawaka, na haina njia ya kuliondoa gamba lililoganda pale. Masizi yanahitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi ili yaungue vizuri kwa oksijeni, na joto hilo halipo upande huo wa vali. Kwa injini ya GDI yenye vali chafu, siwezi kukushauri ulipie huduma hii.

Dawa za tangi zina nafasi yake, hasa zile zenye kemikali iitwayo PEA, ambazo husafisha nozeli na chumba cha kuwakia mafuta, na hata vali pale ambapo nozeli ziko nyuma yake. Hata hivyo, petroli nzuri hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila malipo ya pili. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba petroli isiyo ya kiwango cha TOP TIER, yaani kiwango cha petroli yenye kemikali za kutosha za kusafishia, iliacha kaboni, kwa wastani, mara 19 zaidi ya ile yenye kiwango hicho baada ya mwendo ulioigizwa wa maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400.

Kinachoondoa gamba la vali kwa uhakika ni kung'oa bomba la kugawia hewa, kufunga vali za silinda inayosafishwa, kisha kuzipuliza kwa upepo wa kompresa uliochanganywa na maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa, huku mashine nyingine ikivuta uchafu nje. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa na ujira wake si mdogo, lakini pale inapohitajika, inastahili.

Je, utajuaje kwamba inahitajika? Gari kutetemeka asubuhi, kumisi au kupungukiwa nguvu si ushahidi wa kutosha, kwa sababu plagi zilizochoka, koili mbovu na upepo unaovuja kwenye mabomba huleta dalili hizo hizo. Mwombe fundi apime gari kwa kompyuta kwanza, akague plagi, kisha aingize kamera ndogo ya waya akuonyeshe vali kwa macho yako. Fundi anayekuuzia usafi wa kaboni bila kukuonyesha kaboni, mkatalie kwa heshima. Ikiwa gari lako lina turbo, muulize pia kabla ya kukubali dawa ya kupuliza: vipande vigumu vikibanduka kwa wingi injini ikiwa inazunguka, hutoka na moshi na vinaweza kugonga mapanga ya turbo.