Uzoefu wangu: kutibiwa lupasi Kisumu na daktari aliye Nairobi

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kibuye, na nina lupasi. Haya nawaandikia wale walio Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega ambao wameambiwa juzi tu kwamba wana ugonjwa huu, kisha wakaambiwa kwamba daktari bingwa yuko Nairobi. Kliniki ninayoizungumzia ni ndogo, ya binafsi, hapa hapa mjini. Daktari bingwa wa viungo na kinga ya mwili huja mwenyewe Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu. Katikati ya hapo mnaonana kwa simu ya video, na muuguzi wa kliniki ndiye anayelishika faili lako.

Lupasi ni kinga ya mwili kuugeukia mwili inaopaswa kuulinda. Haiambukizi. Haiponi kabisa, lakini hutulizwa, na mtu akaishi na kufanya kazi. Kati ya kila wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa, na sisi wenye asili ya Kiafrika hutupata zaidi na kwa ukali zaidi. Shida ya huku kwetu ziwani ni kwamba dalili zake zinafanana na za kila kitu: homa, uchovu, viungo kuuma, vidonda mdomoni, nywele kukatika. Hospitali niliyokuwa nikienda mwanzoni ilinitibu malaria na homa ya matumbo kwa zamu, hata pale kipimo cha malaria kilipoonyesha sina. Asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa, sikuweza kushika mkasi mpaka saa nne hivi, na hiyo ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi hupata karo ya watoto wake mwenyewe. Nikakonda. Watu wakanong'ona kuhusu ukimwi; nilikwenda nikapima, sina, na minong'ono haikukoma. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kwa dhati, alihofia chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, akaniambia, "Mwanangu, twende nyumbani Ugenya, wazee wakae waulize ni mwiko gani umevunjwa." Simlaumu. Ugonjwa usipokuwa na jina, kila mtu huutafutia jina kwa njia anayoijua.

Miadi ya kwanza ndiyo iliyonifanya niiamini kliniki hii. Daktari alikaa nami karibu saa nzima. Aliuliza kama vidole hubadilika rangi kukiwa na baridi, kama nimewahi kupoteza mimba, kama uso huwaka nikikaa juani, kama naamka usiku kukojoa. Alinigeuza kuelekea dirishani, akatazama mashavu na pua, ngozi ya kichwa, paa la mdomo, na mzizi wa kila ukucha. Alinieleza kwamba ule upele wa mashavuni ambao vitabu huuchora ukiwa mwekundu, kwenye ngozi yetu huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, na ndiyo maana wengi huuona wakadhani ni madoa ya krimu. Hakuna aliyewahi kunigusa kila kiungo kimoja baada ya kingine kabla ya siku ile.

Kuhusu kipimo cha ANA, kile cha damu kinachotafuta kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe, ambacho watu wengi hukimbilia na kulia wakipata jibu: chenyewe peke yake hakitoshi. Karibu kila mwenye lupasi hutoka na ANA chanya, lakini wapo watu wazima wenye afya ambao nao hutoka chanya. Daktari alikisoma pamoja na seli za damu, vipimo vingine vya kinga na mkojo. Damu yangu ilipelekwa Nairobi na majibu yakachukua muda. Mkojo ulipimwa siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu ulikuwa na protini nyingi.

Nataka kukaa kidogo kwenye mkojo. Lupasi ikiingia kwenye figo, mara nyingi haiumi. Hakuna maumivu ya kiuno, na huenda usihisi kuchomwa wakati wa kukojoa. Huenda ukaona povu lisilotulia chooni, au nyayo na macho vimevimba asubuhi, au presha imepanda, na huenda usione chochote. Mahali pote nilipotibiwa kabla ya hapo walinitoboa kidole kila mara, na hakuna aliyenipa kikopo cha mkojo. Katika kliniki hii, kila mgonjwa wa lupasi hutoa mkojo kila miadi, hata akiwa amekuja akicheka. Wanapima protini ikilinganishwa na kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa, wanaandika tarehe na jibu kwenye karatasi moja ndefu, na unaweza kuiona safari yako yote kwa kuitazama tu. Kwa hilo peke yake ningewalipa tena.

Protini ile ndiyo iliyonipeleka Eldoret kutolewa kipande kidogo cha figo kwa sindano. Niliogopa sana, nitasema ukweli. Unalala kifudifudi, wanatia ganzi mgongoni, wanaelekeza sindano kwa mashine ya kupiga picha za tumbo, na baadaye unalala chali kwa saa nyingi bila kuinuka huku wakikagua mkojo kama una damu. Maumivu yalikuwa madogo kuliko hofu. Kliniki ndiyo iliyopiga simu, ikatuma barua na majibu yangu yote kabla sijapanda matatu, kwa hiyo nilifika nikakuta wananisubiri. SHA, bima ya afya ya serikali, ilinifaa nilipolazwa kule.

Baada ya majibu nikaanzishiwa maikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, na prednisoloni, ambayo ni steroidi, juu ya haidroksiklorokwini niliyokuwa nayo. Kabla hajaandika maikofenoleti, daktari aliniuliza kwa upole kama tunatarajia mtoto mwingine, kwa sababu dawa hiyo huharibu mimba na humdhuru mtoto tumboni. Alimwita mume wangu ndani akamweleza yeye pia, wala hakunibebesha mimi peke yangu maelezo ya kupeleka nyumbani. Nikawekewa kijiti cha mkononi cha kuzuia mimba. Prednisoloni niliambiwa niinywe asubuhi baada ya chakula na nisiikatize ghafla hata nikijisikia mzima, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza ya kwake na unaweza kuanguka. Uso ulivimba, njaa ikanishika usiku. Dozi ilipopunguzwa polepole, uso ukarudi.

Haidroksiklorokwini ina hadithi yake huku kwetu. Ni ndugu wa klorokwini, na watu wazima wanaikumbuka klorokwini, kwa hiyo ukienda duka la dawa utaulizwa kwa nini unameza dawa ya malaria kila siku. Kijana mmoja wa dukani aliniambia, "Auntie, hii haifanyi kazi siku hizi, chukua AL." AL ni dawa ya malaria ya siku hizi, na alinitakia mema. Lakini kwenye lupasi dawa hii haiui vimelea, inatuliza kinga, na mgonjwa wa lupasi hunywa kwa miaka. Wala isikudanganye kwamba inakukinga na malaria ya ziwani, kwa sababu vimelea vya huku viliizoea familia hiyo ya dawa zamani. Chandarua bado ni lazima. Dozi hupimwa kwa uzito: isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mimi nina kilo 62, kwa hiyo nameza kidonge kimoja cha 200 leo na viwili kesho. Sista wa kliniki alinichorea kwenye kalenda ya ukutani, siku za kimoja na siku za viwili.

Dawa hiyo hiyo, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kudhuru nyuma ya jicho, na mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi. Mimi nilikwenda hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, nikapimwa mwanzoni, na nitapimwa kila mwaka. Mtu asiyekuwa na hatari ya ziada, baada ya kipimo cha kwanza, kwa kawaida huambiwa aanze kupima kila mwaka akifikisha miaka mitano ya dawa.

Kitu kidogo kuliko vyote walichonipa ndicho ninachokitumia zaidi: kadi ya plastiki inayoingia kwenye pochi. Imeandikwa ugonjwa, dawa zote na dozi, kwamba natumia steroidi na zisikatizwe, kwamba nisipewe chanjo zenye vimelea hai bila kumuuliza daktari wangu, na kwamba nisipewe Septrin wala dawa nyingine za jamii ya salfa. Huku kwetu Septrin inatolewa kama peremende, na kwa wengi haina neno, ila kwa mwenye lupasi inaweza kuamsha ugonjwa. Nilishawahi kuandikiwa mahali fulani kwa kikohozi. Nikatoa kadi, mhudumu akaisoma, akabadilisha dawa bila ubishi. Mgonjwa akibishana na mwenye koti jeupe hushindwa, lakini kadi yenye muhuri husomwa.

Sasa hizo miadi za simu. Nilizidharau kabla sijazijaribu, na zimenionyesha kwamba zinaweza kufanya mengi kuliko nilivyodhani. Siku mbili kabla, napima mkojo na damu katika maabara iliyo karibu na Kondele, majibu yanatumwa. Asubuhi ya miadi napima presha kwa mashine yangu na uzito. Daktari huniambia nibonyeze mfupa wa muundi kwa kidole gumba, nihesabu mpaka kumi, niachie, kisha nimwonyeshe kama shimo limebaki. Huniambia nikunje ngumi. Lakini upele haonekani vizuri: kamera ya simu hufifisha rangi kwenye ngozi nyeusi, na taa ya ndani huiharibu kabisa. Sasa napiga picha nje kivulini, saa mbili asubuhi, naituma mapema. Wala hawezi kubonyeza kiungo akahisi kama kimejaa maji. Kwa hiyo nashauri mgonjwa mpya asikubali simu tupu. Aonwe ana kwa ana kwanza, na aonwe tena kila dozi inapobadilishwa sana.

Gharama. Ana kwa ana ni shilingi 4,000, simu ni 2,000, vipimo na dawa ni mbali. Si kidogo kwa fundi. Ukilinganisha na kulala njiani kwenda Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na siku za kazi zilizopotea, kwangu inapungua. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipi miadi yangu ya kliniki hii, na sisi wa jua kali tunakadiriwa mapato ya nyumba na kutozwa asilimia 2.75, isipungue 300 kwa mwezi, tena tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima. Naomba wenye kliniki waingie mkataba na SHA. Nimewaambia ana kwa ana na nitazidi kuwaambia, kwa sababu nimewaona wanawake waliokuja mara moja, wakasikia bei ya maikofenoleti, na sijawaona tena.

Kasoro nyingine ni kwamba kila kitu kinamtegemea sista. Alipokuwa likizo, majibu yangu yalikaa kwenye simu ya kliniki bila mtu kuyafungua, na protini ilikuwa imeanza kupanda. Nilipopiga mimi mwenyewe ndipo yakafunguliwa. Baada ya hapo waliweka mtu wa pili, hilo nalisifu, lakini naendelea kudai nakala ya kila jibu, karatasi mkononi, na nawasihi wote mfanye hivyo, popote mnapotibiwa.

Nilipata homa usiku mmoja wakati wa mvua za masika. Hilo ndilo jambo linalomtisha mwenye lupasi wa Kisumu kuliko yote, kwa sababu inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi mengine ambayo dawa zetu huyaficha, na inaweza kuwa lupasi yenyewe. Sista alipokea simu. Hakuniambia ningoje asubuhi, na hakuniambia nimeze chochote. Alisema, "Mama, nenda upimwe malaria sasa hivi, na hesabu ya damu, onyesha kadi." Ilikuwa malaria. Nilipewa dawa, daktari akajulishwa asubuhi ili aangalie isigongane na dawa zangu, na prednisoloni sikuiacha. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na sista.

Kama viungo vinakuuma tu na hujapimwa, usianze na kliniki ya bei hii. Anza na hospitali ya kaunti, omba hesabu ya damu, kreatinini na mkojo, na usiondoke bila mkojo. Kama tayari umeambiwa ni lupasi, au mkojo una protini na hakuna anayekueleza kwa nini, nenda. Beba dawa zote unazotumia, na zile za mitishamba pia, daktari hagombi. Vaa mikono mirefu na ubebe mwavuli, maana foleni ya Jumamosi hufika nje na jua la hapa kwenye ikweta halina huruma na ngozi yetu. Wanaotoka mbali kama Homa Bay au Busia wapige simu Alhamisi waandikwe mwanzo wa orodha. Wanakubali, na hao huonwa kabla ya saa sita ili wawahi gari la kurudi.