Kocha Matt Rhule na Novemba za Nebraska: tathmini ya mnunuzi wa tiketi

Tangu Novemba 1962, tiketi za Memorial Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, zimekuwa zikiisha katika kila mechi ya nyumbani ya futiboli ya Kimarekani. Anayelipia kiti pale, uwanja ukiwa umejaa watu zaidi ya 80,000 waliovaa nyekundu, analipia kazi ya kocha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kazi hiyo imo mikononi mwa Matt Rhule, na ndiyo ninayoitathmini hapa.

Alipokabidhiwa timu, hali ilikuwa mbaya. Chuo chenye mataji 5 ya taifa, la mwisho likiwa la mwaka 1997, hakikuwa kimepata msimu wa ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 2016. Mtangulizi wake, Scott Frost, kijana wa nyumbani aliyeiongoza timu hiyo uwanjani ikitwaa taji la 1997, aliondolewa akiwa na ushindi 16 na vipigo 31.

Sifa ya Rhule ilikuwa ni kufufua timu zilizolala. Pale Chuo Kikuu cha Temple alianza na ushindi 2 tu mwaka 2013, na mwaka wa tatu akapata 10. Pale Chuo Kikuu cha Baylor alianza na 1 mwaka 2017, na mwaka wa tatu akapata 11. Ndiyo maana sisi mashabiki tuliuhesabu mwaka wake wa tatu Lincoln kama mkulima anavyohesabu siku za mavuno. Mwaka huo ulikuwa 2025, na mavuno yakawa ushindi 7 na vipigo 6, sawasawa na mwaka uliotangulia.

Kasoro yenyewe naiona katika mwezi mmoja. Kwa misimu mitatu, Rhule amecheza mechi 12 za Novemba akiwa na Nebraska, akashinda 2 na kupoteza 10. Ya kwanza kuniuma ilikuwa ile ya Ijumaa, tarehe 24 Novemba 2023, dhidi ya Iowa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la baridi kali, mkononi nikiwa na runza, ule mkate uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi ambao hautengani na siku ya mechi Lincoln. Matokeo yalikuwa 10 kwa 10 na dakika zilikuwa zinayoyoma. Pasi ya Nebraska ikanaswa, na katika mchezo wa mwisho kabisa mpigaji wa Iowa, ambaye hata hakuanza mechi ile, akaupitisha mpira katikati ya nguzo kwa teke, Iowa wakashinda. Runza yangu ilikuwa imeshapoa na sikuila. Nebraska walihitaji ushindi 1 tu katika mechi zao 4 za mwisho ili wastahili mechi ya baada ya msimu, wakazipoteza zote, na hakuna iliyopotea kwa zaidi ya pointi 7.

Haki yake lazima apewe. Mwaka 2024 aliifunga Wisconsin 44 kwa 25, akairudisha timu kwenye mechi za baada ya msimu, na huko New York akaishinda Boston College 20 kwa 15. Wachezaji wake hawakati tamaa, jambo ambalo aliyewahi kuwatazama miaka ya kabla yake atalithamini sana. Lakini mwaka 2025 mrushaji wao mkuu, Dylan Raiola, alivunjika mguu mwanzoni mwa Novemba, na bila yeye Penn State ikawafunga 37 kwa 10, kisha Iowa 40 kwa 16 palepale nyumbani. Kipigo cha kwanza unaweza kukieleza kwa jeraha; cha pili kilitokana na safu ya ulinzi iliyosukumwa nyuma mechi nzima, na hilo ni suala la maandalizi.

Kwa maoni yangu, Rhule ameizuia timu isizame, ila bado hajaigeuza. Mkataba wake uliongezwa Oktoba 2025 hadi 2032, hivyo muda anao, na amekwisha kumbadilisha kocha wa ulinzi, hatua niliyoiona ya lazima. Anayetaka kuiona Nebraska ikicheza kwa raha anunue tiketi ya Septemba. Mimi nitanunua ya Novemba, kwa kuwa ninataka kuona kama ulinzi huo mpya utasimama robo ya nne, baridi ikiwa imeingia na mpinzani akiamua kukimbia na mpira.