Modemu ya Kununua kwa Kompyuta Yenye Linux: Hakikisha Kwanza Kwamba Inageuka

Mwezi uliopita nilinunua modemu ya USB kwa shilingi 65,000 katika duka moja karibu na stendi ya Moshi, nikapanda nayo hadi Marangu, ambako nilikuwa nimepanga kufanya kazi wiki nzima nikiwa kwa mama. Nilipoichomeka kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, mfumo wa kompyuta usio Windows, taa ya kijani iliwaka, kisha kwenye skrini ikatokea alama ya CD yenye faili la Windows ndani yake. Mtandao haukupatikana siku ile wala siku zilizofuata.

Sitazungumzia kasi, kwa sababu hiyo imeandikwa kwenye boksi. Jambo ambalo boksi halisemi ni kwamba modemu nyingi za USB, zinapochomekwa, hujitambulisha kwanza kama CD ili Windows isome humo programu ya kuziendesha, na programu hiyo ndiyo huiamuru modemu igeuke na kuanza kazi yake halisi. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, ambayo huitambua kila modemu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Ukiandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa, kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, modemu ya Huawei E3372h huonekana kama 12d1:1f01 kabla ya kugeuka na 12d1:14dc ikishageuka. Modemu yangu ilibaki na namba zilezile kila nilipoichomoa na kuichomeka tena, hata nilipobadilisha tundu, kwa kuwa namba hizo hazikuwamo katika orodha ya programu hiyo.

Kwa sababu hiyo ninaiweka Huawei E3372h mbele ya zote, wala sifichi kwamba ninaipendelea. Ikishageuka, kompyuta huiona kama kadi ya kawaida ya mtandao, na mipangilio ya laini hufanywa kwenye kivinjari kupitia anwani 192.168.8.1, bila kutafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, yoyote. Isome vizuri herufi ya mwisho, kwa sababu E3372s inafanana nayo kabisa kwa umbo, lakini hiyo hutegemea ModemManager, programu ya Linux ya kusimamia modemu, na hukulazimu kuweka mwenyewe ndani ya kompyuta APN, yaani jina la njia ya intaneti ya kampuni ya simu. Mimi nisingeichukua hata kwa punguzo.

Nafasi ya pili naipa MiFi, kifaa kidogo chenye betri kinachotumia laini ya simu, kwa kuwa hutoa Wi-Fi na haijali kompyuta yako inatumia mfumo gani, ingawa betri yake hukuacha njiani umeme ukikatika kwa muda mrefu. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB inatosha kwa dharura. Modemu za bei ya chini zisizo na jina usinunue.

Kinachoniumiza zaidi ni namna tunavyouziwa. Muuzaji aliniambia, “Dada, hii inakubali kompyuta zote,” akakataa boksi kufunguliwa kabla sijalipa, na nilipoirudisha alinionyesha karatasi ukutani iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Anayenunua shati la mtumba katika soko la Kiborloni hulipima mwilini kabla ya kutoa fedha, lakini anayenunua kifaa cha bei mara kumi ya shati anatakiwa aamini maneno matupu. Si haki pia kuuziwa modemu iliyofungiwa mtandao mmoja kwa bei ileile ya modemu iliyo wazi, na kufuli hiyo kuigundua umeshafika nyumbani.

Basi nenda dukani na laptopu yako, omba kuichomeka modemu ikiwa na laini yako, na usitoe fedha mpaka lsusb ionyeshe kwamba namba zimebadilika na ukurasa mmoja umefunguka; muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata. Ikiwa kompyuta yako ina Debian, aina nyingine ya Linux, pakua mapema vifurushi vya usb-modeswitch na usb-modeswitch-data ukiwa bado mjini, uvihifadhi kwenye flashi, kwa sababu ukifika kijijini bila hivyo utahitaji mtandao ili kupata kifaa cha kukupa mtandao.