Utrogestan, Duphaston au kitanzi chenye homoni: projesteroni ipi inavumilika wakati wa kukoma hedhi?

Mwanamke anayekatisha tiba ya homoni mara nyingi hajashindwa na estrojeni, kwani hiyo ndiyo inayotuliza joto la ghafla na jasho la usiku. Kinachomshinda ni projesteroni: kichwa kizito asubuhi, tumbo kujaa, matiti kuuma, huzuni au hasira isiyo na chanzo. Basi huiacha kimyakimya na kubaki na geli au plasta ya estrojeni peke yake. Hapo ndipo penye hatari. Kwa mwenye mfuko wa uzazi, estrojeni isiyo na mwenzake, yaani projesteroni, hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na kuongeza uwezekano wa saratani. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida haihitaji projesteroni, ila daktari anaweza kuona sababu, kwa mfano akiwa na historia ya endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake.

Tunaanza na Utrogestan kwa sababu ndiyo tungependa ijaribiwe kwanza. Ni kapsuli laini ya mviringo, na ndani yake mna projesteroni iliyosagwa ikawa unga mwembamba sana, ikachanganywa na mafuta ya alizeti na lesithini ya soya. Mwenye mzio wa soya asiiguse. Prometrium ya Marekani ni dawa ileile, lakini mafuta yake ni ya karanga. Ndugu akikuletea boksi kutoka huko, soma viambato kabla ya kumeza. Ganda ni la gelatini, ambayo hutokana na mnyama, kwa hiyo anayejali uhalali wake amuulize mfamasia.

Kipimo hutegemea hedhi ilikoma lini. Ambaye bado hajamaliza mwaka tangu hedhi ya mwisho kwa kawaida huandikiwa mg 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, kisha hupata damu kama ya hedhi. Aliyepitisha mwaka huandikiwa mg 100 kila usiku mfululizo. Estrojeni ikipandishwa, projesteroni nayo huangaliwa upya: kwa plasta ya mikrogramu 100, British Menopause Society, chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi Uingereza, hushauri mg 200 kila usiku kwa anayetumia mfululizo. Hili husahaulika sana, na matokeo yake ni damu ya matone isiyokatika.

Kosa kubwa la matumizi ni kuimeza pamoja na chakula. Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo aliyekula ugali na samaki saa tatu usiku na kumeza papo hapo huamka na kizunguzungu. Kula mapema, acha saa mbili zipite, umeze ukiwa tayari kitandani. Usingizi wenyewe una sababu. Ini huvunja projesteroni na kutoa alopregnanoloni, kemikali inayotuliza ubongo. Kwa wengi hiyo ni baraka, maana usingizi ulishapotea. Kwa wachache ubongo huipokea kinyume, na badala ya utulivu huja wasiwasi na machozi. Huo si udhaifu wa tabia wala si ukosefu wa shukrani, na asiye na hali hiyo asiwabeze wenye nayo.

Wa kundi hili wana njia ya kwanza bila kubadili dawa: daktari anaweza kuelekeza kapsuli iwekwe ukeni usiku. Ikipita huko haianzii kwenye ini, hivyo alopregnanoloni hupungua sana. Kwa kapsuli za kumeza, matumizi hayo hayamo kwenye kibali cha dawa, kwa hiyo yawe ni uamuzi wa daktari. Mafuta hutoka asubuhi. Vaa pedi nyembamba. Famasi inaweza kukupa Cyclogest ya mg 400, projesteroni ya kuweka ukeni, ambayo hujulikana zaidi kwa matibabu ya uzazi. Usichukue kipimo cha mjamzito ukakifanya chako.

Duphaston, yaani didrojesteroni, ndiyo tungeijaribu ya pili. Haigeuki kuwa alopregnanoloni, kwa hiyo anayeleweshwa na Utrogestan mara nyingi hupumua hapa. Kwa anayeitumia kwa mzunguko, ni mg 10 kila siku kwa siku 12 hadi 14 za mwezi. Ukitaka iliyochanganywa tayari, kuna Femoston, na Femoston-conti ina mg 1 ya estradioli na mg 5 ya didrojesteroni. Ubaya wake ni kwamba estrojeni hiyo humezwa, na aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni kwa kawaida huelekezwa kwenye plasta au geli.

Kitanzi cha Mirena kina mg 52 za levonorgestreli, projesteroni ya kutengenezwa, na hufanya kazi zaidi pale pale kwenye mfuko wa uzazi, ingawa kiasi kidogo hufika kwenye damu. Tarajia matone ya damu miezi ya mwanzo. Angalia tarehe ya kuwekwa: kwa uzazi wa mpango huhesabiwa hadi miaka 8, lakini kwa kulinda ukuta wa mfuko wa uzazi wataalamu wa Uingereza huishia miaka 5. Vijiti vya mkononi vya uzazi wa mpango visihesabiwe kabisa kama kinga hiyo, wala krimu za projesteroni za mtandaoni.

Primolut N, ile ya kuzuia hedhi wakati wa Hija, ina mg 5 za noretisteroni, projesteroni ya kutengenezwa, kwa tembe. Hiyo ni mara kumi ya iliyomo kwenye tembe moja ya Kliovance, dawa ya tiba ya homoni, kwa hiyo si mbadala wake. Provera, projesteroni nyingine ya kutengenezwa, hulinda vizuri, lakini aina yake ndiyo iliyotumika pamoja na estrojeni katika WHI, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake Marekani, ambao sehemu hiyo yake ilisimamishwa mwaka 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti, kwa hiyo tunaiweka mwisho.

Mwambie daktari ukitumia rifampisini, karbamazepini, fenitoini au efavirenzi, kwani huharakisha kuondoka kwa homoni mwilini. Damu ya matone katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza ni ya kawaida. Ikiendelea baada ya hapo, au ikianza upya baada ya kukauka, usibadilishe kapsuli: nenda ukapigwe ultrasaundi.